Mwano wa Shangazi Minza

Wiki mbili zilizopita niliingia katika duka la pembejeo pale Nyalikungu kutafuta mbegu za mchicha kwa ajili ya bustani ya shule. Muuzaji alikuwa amefungua chupa ya dawa ya pamba ili ampimie mteja aliyenitangulia, na harufu ile ikanifikia kabla sijavuka kizingiti: kali, yenye utamu wa mbali, kama kitunguu kilichoozea ndani ya mafuta ya taa. Niliomba radhi, nikatoka nje, nikashika nguzo ya baraza. Muuzaji alidhani nina mimba, akaniletea kigoda. Sikuwa na mimba. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimesimama katika ua wa Bibi Holo, na kiganja cha mwanadamu kilikuwa kikining'inia mbele ya macho yangu kwa kipande cha ngozi.

Nitajitahidi kueleza kwa mpangilio, kwa kuwa jambo hili sijawahi kulieleza lote kwa mtu yeyote.

Kijiji chetu kiko mashariki ya Bariadi, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli yenye mzigo. Miaka ile soko lilikuwa limefunguliwa. Zamani pamba yote ilinunuliwa na chama cha ushirika. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na pikapu yake na mizani yake, wakatundika mizani hizo kwenye miti mitatu iliyosalia karibu na ghala tupu la ushirika. Vitu vingi vilikuja pamoja nao: redio, mitumba, baiskeli mpya. Vitu vingine viliondoka bila kuaga. Josho la serikali, ambamo ng'ombe wote waliogeshwa kila wiki kuua kupe, lilikauka. Mijusi wakazaliana ndani yake, nasi watoto tukaligeuza uwanja wa vita. Kuanzia hapo dawa ya kupe ikawa kitu cha dukani, cha mwenye nacho.

Tulicheza vita kwa sababu ndicho tulichokiona. Mwalimu alitupiga kwa kuchelewa, mama alitupiga kwa kumwaga maziwa, na wanaume walimpiga mwizi wa ng'ombe mpaka akaacha kuomba. Nilidhani fimbo ni sehemu ya hali ya hewa, kama jua na vumbi.

Shangazi Minza, dada mkubwa wa baba yangu, alirudi kwetu kutoka kwa mumewe akiwa na jino moja pungufu na cheti chake cha darasa la saba ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima tangu utoto, na alizungumza kidogo. Mnunuzi mmoja kutoka Mwanza alikuwa akitafuta karani wa mizani. Wa kwanza aliyemjaribu aliwapimia ndugu zake mawe akiyaita pamba; wa pili alilewa, akalala juu ya mafurushi. Shangazi akaenda bila kuitwa, akasoma mizani mbele ya yule mnunuzi mara tano bila kukosea, akapewa kazi. Hakuna mwanamke aliyewahi kushika mizani kijijini kwetu, wala katika vijiji vya jirani, na wanaume walilipokea jambo hilo kama mtu anavyopokea jiwe ndani ya kiatu.

Tatizo halikuwa kwamba ni mwanamke tu. Tatizo lilikuwa mkono wake. Baada ya ushirika kuondoka, watu walikuwa wamejifunza kuchanganya pamba na mchanga na kuinyunyizia maji ili iwe nzito, na makarani wengine walifumba macho. Shangazi alizamisha mkono ndani ya kila furushi mpaka begani, akapapasa chini kabisa.

"Mayu, toa mkono wako humo! Hiyo pamba siyo mke mwenzio," Mzee Ngasa alimwambia siku moja, akimwita mama kwa Kisukuma, na foleni yote ikacheka. Ngasa alikuwa tajiri wa kijiji, mwenye ng'ombe wengi na wana wawili wakubwa, Sayi na Masunga.

"Mwadila, Baba Sayi," Shangazi alimsalimia kwa heshima, mkono ukiwa bado umezama. Kisha akautoa, akafungua kiganja juu ya kiatu cha mzee. "Mchanga huu ni wa kujengea nyumba au choo?"

Sayi, aliyesimama kando ya baba yake, alimpiga kofi la uso ambalo nililisikia kutoka upande wa pili wa ghala. Damu ilimtoka puani. Aliifuta kwa kipande cha pamba, akakiangalia kile kipande, akakitupa pembeni ili kisichafue mzigo wa mtu, akasema, "Anayefuata."

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Holo, mjane mzee aliyeishi peke yake. Miti ya kwetu ilikuwa imekwisha kukatwa ili pamba ipate nafasi, hivyo maskini kama yeye walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wa kinyesi ni mzito na mchungu, na mtu anayeuinamia kwa miaka thelathini macho yake huwa mekundu kama nyanya iliyopasuka. Hilo ninalijua leo. Wakati ule nilijua tu kile watoto wote walichokijua: macho mekundu ni ya mchawi. Tulishindana nani angethubutu kugusa mlango wake. Yeye alitoka akatugawia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, nasi tulivila mpaka vikaisha, kisha tukakimbia tukipiga kelele.

Jioni moja, katikati ya msimu wa kuuza, nilitumwa kwa Mzee Ngasa kuazima chekecheo. Niliwakuta Sayi na Masunga zizini na maksai wao wanne, wale waliovuta mkokoteni wa pamba. Masunga alikuwa amevaa mgongoni bomba la kupulizia pamba, akiwanyeshea wale wanyama maji meupe, huku Sayi akiwasugua shingoni na nyuma ya masikio, mahali kupe wanapopenda. Harufu ilikuwa ileile niliyokutana nayo Nyalikungu.

"Leo kupe wote wanakwenda kuzimu," Masunga aliniambia, akinielekezea mpira wa bomba. "Una chawa? Sogea hapa nikuogeshe na wewe."

Nilikimbia nikicheka.

Kulipokucha, nikienda kisimani, nilipita tena pale. Bibi Holo alikuwa zizini, ameinama na kapu lake, akiokota kinyesi kama alivyofanya kila siku. "Mwangaluka, Kabula," alinisalimia. Nikaitikia huku miguu yangu ikiwa tayari inakwenda.

Kabla jua halijapanda, maksai wote wanne walikuwa wamelala kwa ubavu, miguu imekakamaa, povu limewajaa midomoni. Kwa Msukuma, msomaji wangu, kufiwa na maksai wanne kwa asubuhi moja ni msiba. Mzee Ngasa alilia kwa sauti, akapanda baiskeli, akaenda kwa mganga wa mbali. Alirudi kesho yake alfajiri na jibu: wanyama wameuawa na mwanamke mzee, mwenye macho mekundu, aliyeingia zizini kabla ya jua. Nyama isiliwe, ifukiwe. Nimejiuliza mara nyingi ni kijiji gani cha kwetu ambacho kisingekuwa na mwanamke kama huyo.

Asubuhi hiyohiyo Mama Sayi, mke wa Ngasa, alinikuta kisimani. Akainama mpaka uso wake ukalingana na wangu.

"Jana ulipita kwetu na ndoo. Zizini ulimwona nani?"

"Bibi Holo."

"Macho yake yalikuwaje?"

"Mekundu."

Alinipa kipande cha sukari guru kikubwa kama kidole gumba. Nilisema kweli tupu. Kama angeniuliza niliona nini jioni iliyotangulia, ningemweleza pia, tena kwa furaha, kwa kuwa nilipenda kuulizwa. Hakuuliza.

Mchana nilimpelekea Shangazi chakula mizanini. Alikuwa ameketi juu ya furushi, akila ugali kwa mlenda, nami nikamsimulia habari zangu zote nikiwa na sukari mdomoni: maksai waliokufa, Masunga na bomba lake, Bibi Holo na kapu, Mama Sayi na maswali yake. Mkono wake ulisimama kati ya bakuli na mdomo.

"Rudia. Waliwaosha kwa kitu gani?"

"Kwa lile bomba la pamba."

"Na Mama Sayi alikuuliza nini?"

"Macho."

Aliweka bakuli chini. Akachomoa chuma cha mizani, ile ndoano ndefu ya kuning'inizia mafurushi, akaanza kukimbia. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile, kanga imekunjwa hadi magotini, pamba imemganda nyweleni. Foleni ilimpigia miluzi. Nami nilimfuata, kwa sababu mtoto hufuata kila kinachokimbia.

Tulifika tumechelewa kwa pigo moja. Bibi Holo alikuwa ukutani, ameinua mkono kukinga kichwa, na panga la Sayi lilikuwa limekwisha kupita kwenye kifundo cha mkono. Hakulia. Alikuwa akikitazama kiganja chake kwa mshangao, kama mtu aliyekabidhiwa kitu kisicho chake. Sayi aliinua panga tena. Shangazi alimpiga kwa kile chuma juu ya kiwiko, na nilisikia mfupa ukivunjika kwa mlio wa bua kavu la mtama. Masunga akatokea nyuma, akamkata Shangazi begani. Nguo ilifunguka, kisha nyama, kisha nikaona kitu cheupe. Shangazi aligeuka na kumtia ndoano pajani, akaivuta. Masunga alianguka akipiga mayowe ya ndama. Nje ya ua watu wapatao ishirini walikuwa wamesimama, majirani zetu, wengine na mawe mikononi. Mzee Ngasa alikuwa miongoni mwao akisema kwa sauti ya utulivu kabisa, "Malizeni. Malizeni."

Shangazi alimburuta Bibi Holo ndani, akasimama mlangoni. Damu ilimtiririka hadi kwenye kisigino. Jiwe la kwanza lilimpata kifuani. Ndipo akajaza pumzi na kupiga mwano.

Inanilazimu nieleze. Mwano ni mlio wa hatari wa Wasukuma, mrefu, wa kupanda na kukatika, unaopokelewa nyumba kwa nyumba na kijiji kwa kijiji. Mwanamume anayeusikia huacha jembe, chakula, hata maiti anayemchimbia kaburi, akachukua upinde na kukimbilia unakotoka. Asiyekwenda hupigwa, au hutengwa, asipewe moto wala maji. Lakini mwano kwa kawaida yetu ulikuwa wa ng'ombe walioibwa, na aliyeuanzisha alikuwa mwanamume. Mwanamke alipiga yowe. Yowe liliwaita wanawake wenzake na halikumlazimu mtu.

Shangazi hakupiga yowe. Alipiga mwano uleule, kwa sauti nzito ya kifuani, na kabla watu wa uani hawajaelewa, ulikuwa umekwisha kupokelewa upande wa mtoni. Tulisikia filimbi. Waliokuwa na mawe waliyashusha, kwa sababu nao walikuwa askari wa sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi wa vijiji, na sheria iliwataka wawe wanakimbia, nao hawakujua wakimbilie wapi.

Walikuja wa vijiji vitatu, wanatiririka jasho, na pinde na marungu. Aliyewaongoza alikuwa Kamanda Jilala wa kijiji jirani, mzee mkavu aliyeogopwa kuliko polisi.

"Ng'ombe za nani? Zimeelekea wapi?"

"Hapa hakuna ng'ombe, Baba," Shangazi alisema mlangoni. "Yupo mtu. Wanamchinja."

Ghadhabu ikalipuka. Wengine walikuwa wamekimbia tangu ng'ambo ya mto.

"Mayu," Jilala alisema, "mwano si kelele za msibani."

"Ndiyo maana sikulia."

Mzee Ngasa alipaza sauti kwamba mganga ameona, kwamba mchawi yumo ndani, kwamba huyu ni mwanamke wa mizani asiye na mume wala adabu. Shangazi alimsubiri amalize. "Mganga yuko mbali na zizi lako," alisema. "Pua za wazee hawa ziko karibu. Nendeni mkanuse zile ngozi."

Ngozi za maksai zilikuwa zimewambwa juani nyuma ya nyumba ya Ngasa. Jilala aliinama, akanusa sehemu ya shingo, akakohoa. Bomba lilikuwa chini ya kihenge, na maji meupe bado yamo. Pale nyama ilipofukiwa, mbwa wawili walikuwa wameifukua asubuhi ile, nao walikuwa wamelala palepale, povu midomoni, miguu imekakamaa. Kila mkulima aliyekuwepo aliijua dawa ile. Alikuwa ameipulizia mwenyewe msimu mzima.

Walichofanyiwa Sayi na Masunga alasiri ile sitakieleza kwa kirefu, na sikisifu. Jeshi lililokimbia kutoka mbali lilihitaji mtu wa kumpiga, likawapata wawili ambao tayari walikuwa wamevunjika. Masunga hakutembea sawasawa tena. Bibi Holo alifungwa mkono kwa pamba na kamba, akapelekwa hospitali kwa mkokoteni. Alipona, akahamia Lingeka kwa binti yake, na hakurudi hata kusalimia.

Kisha Jilala akamgeukia Shangazi.

"Unaijua sheria."

"Mwano bila ng'ombe, viboko kumi," Shangazi alisema kabla hajatajiwa.

"Na jambo la pili. Wewe ulikuwa mizanini. Nani alikuambia waliwaosha kwa dawa? Anayeficha shahidi anaficha mwizi."

"Nilinusa."

"Kutoka mizanini? Pua yako ni ya fisi?"

Watu walicheka, hata waliokuwa na damu mikononi. Mimi nilikuwa mstari wa mbele kati ya wanawake, hatua nne kutoka kwake, nimenyoosha shingo. Moyo wangu ulikuwa ukidunda kwa fahari. Nilisubiri aseme jina langu. Nilikuwa hata nimelipangusa vumbi gauni langu. Alinipitia kwa macho kama anavyopitia mtu kigingi cha mbuzi.

"Nilinusa," alirudia.

"Kumi vingine," Jilala alisema.

Alilala mwenyewe, kifudifudi, bega lililokatwa likiwa upande wa juu. Nilihesabu, kwa kuwa nilikuwa hodari wa hesabu. Alinyamaza mpaka cha kumi na nne, na sauti aliyoitoa hapo sikuwa nimewahi kuisikia kwa mtu wala mnyama.

Chuoni, nilikosomea ualimu, ukuta wa maktaba yetu ulikuwa na picha za wanawake waliofungua njia duniani: aliyekuwa wa kwanza kurusha ndege katika nchi yake, wa kwanza kupasua wagonjwa, wa kwanza kuketi bungeni. Tulitakiwa kuandika insha kuhusu mmoja. Niliandika kuhusu Shangazi, na mkufunzi akauliza kwa wino mwekundu: wa kwanza katika nini? Nikapata alama ndogo. Leo ningemjibu. Watu wazima kijijini waliona kwamba siku ile mwanamke aliadhibiwa kwa kuvuka mpaka. Lakini yowe la mwanamke halikuwahi kuadhibiwa, kwa sababu halikuhesabiwa. Walipomchapa kwa kupiga mwano, walikiri mbele ya vijiji vitatu kwamba mwanamke alikuwa amepiga mwano. Miaka miwili baadaye, mzee mwingine mwenye macho mekundu aliposhikwa karibu na mto, mke wa mchungaji wa kanisa aliupiga, na wanaume wakaja. Baada ya hapo nilisikia umepigwa tena, na tena. Mara moja walichelewa.

Lakini hilo si jambo linaloniondolea usingizi. Jioni ile, walipomrudisha nyumbani, niliketi pembeni yake nikiwa nimenuna. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya chumvi.

"Mbona hukunitaja?" nilimwuliza. "Mimi ndiye niliyewaona. Wangenisikiliza wote."

Shangazi aligeuza uso juu ya mkeka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kuumwa.

"Sogeza hilo beseni," alisema.

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Niliwaambia wenzangu joshoni kwamba Shangazi ni mchoyo, kwamba alitaka sifa zote ziwe zake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikisahihisha madaftari ya watoto wenye umri wangu wa wakati ule, nilipoinua kichwa ghafla na kutambua kwamba kumi vya mwisho vilikuwa vyangu. Mzee Ngasa aliishi miaka minane zaidi, hatua mia tatu kutoka kwetu, akiwa na mwana aliyevunjika kiwiko na mwana kiwete, akiuliza kila aliyelewa naye ni nani aliyewaponza, na wanawe hawakumkumbuka mtoto aliyecheka zizini jioni ile. Kwa miaka yote hiyo nilikwenda kisimani peke yangu, asubuhi na jioni, na Mama Sayi alikuwa akinishikia ndoo, akinitwisha kichwani kwa mikono yake miwili, na kuniambia niende salama.